Nilivyojifunza Kigiriki kwenye karakana ya viatu

Siku ya tatu kazini, fundi aliniomba kitu, nami nikamnyooshea mkono. Akautazama ule mkono, akainuka mwenyewe, akatoa kipande cha nta kwenye kopo na kuniwekea kiganjani, huku akilirudia lile neno polepole. Nta kwa Kigiriki ni kerí. Mkono ni khéri. Nilikuwa na miezi minne tu tangu nitoke Mombasa, na masikioni mwangu lilikuwa neno moja.

Tena yeye hakusema hata kerí. Alisema cherí, maana alikuwa mtu wa kisiwa cha Krete, na Wakrete wakikuta k mbele ya i au e huigeuza ch. "Na" ya Kigiriki, ke, kwao ni che. Darasani, kule Kypseli, mtaa wa Athens nilikokuwa nikisoma jioni, tulifundishwa kwamba "nini" ni ti. Karakanani, kule Piraeus, bandari ya Athens, nilisikia inda. Usiku najifunza Kigiriki, mchana naambiwa kingine. Nilikaribia kuacha.

Kilichoniokoa ni Kimvita, Kiswahili cha kwetu Mombasa. Nilikumbuka jinsi wageni kutoka bara wanavyoduwaa wakimsikia bibi yangu anasema mato badala ya macho, kuteka badala ya kucheka. Bibi hakosei, ana kanuni yake, na ukishaijua kanuni hiyo, unamfuata bila taabu. Basi nikamfuata fundi vivyo hivyo. Nikisikia ch, narudisha k kichwani. Nikisikia sheri, najua ni khéri, mkono. Baada ya wiki chache nilikuwa namwelewa kuliko baadhi ya wateja wa Athens.

Mkazo ulichukua muda zaidi. Kiswahili kimetuzoesha kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tukastarehe. Kwa Kigiriki unaweza kukaa kwenye silabi yoyote kati ya tatu za mwisho, na ukihama, maana nayo inahama: póte ni "lini", poté ni "kamwe". Sisi tunayo barabára ya magari na barábara ya mambo kwenda sawasawa, lakini maneno ya aina hiyo kwetu ni ya kuhesabu. Nilichofanya ni kuandika kila neno jipya pamoja na alama yake ya mkazo, kisha nalisoma nikigonga meza kwa kidole kwenye silabi ile. Afadhali tangu 1982 alama rasmi ni moja. Zamani zilikuwa kadhaa, na alama za pumzi juu yake.

Matamshi hayakunisumbua. Wenzangu darasani walitoka jasho kwa θ, δ, γ na χ, mimi nikaona nimezijua tangu utotoni: th ya thelathini, dh ya dhahabu, gh ya ghali, kh ya kheri. Mwalimu wetu wa Kurani hakumruhusu mtoto kusema "zahabu" akapita, na siku ile nilimwombea dua. Irabu nazo ni tano, zilezile zetu. Kuandika ndiko kulikonitesa, kwa sababu sauti i peke yake wanaiandika η, ι, υ, ει au οι.

Halafu kuna maneno ya kwenye vibao. Nje ya karakana yetu paliandikwa kwamba hapa hutengenezwa ipodímata. Ndani, hakuna aliyelitamka neno hilo. Viatu ni papútsia, neno lililopitia Kituruki. Mkate ni psomí, lakini duka lake linaitwa artopolío. Ni mabaki ya katharevusa, Kigiriki cha kisomi kilichokuwa lugha ya serikali na shule mpaka 1976, lugha ya watu iliposhika nafasi yake. Nikaamua kujifunza maneno mawili mawili, la kibao na la mdomo.

Wakati huohuo nilikuwa naokota maneno ya nyumbani. La kwanza lilikuwa fanári, taa za barabarani: ni ndugu wa fanusi yetu. Kisha kalámi, tete, na kalamu yetu. Khartí na karatasi. Kanónas na kanuni. Epískopos na askofu. Yote yalipita kwa Waarabu kabla ya kufika pwani. Nililolipenda kuliko yote ni kalapódi, lile gogo la umbo la mguu linalovalishwa kiatu kikishonwa. Waarabu walilifanya qalib, nasi tukapata kalibu.

Siku moja mwalimu wa Kigiriki alituletea ukurasa wa Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa na mfanyabiashara wa Misri katika karne ya 1, kwa Kigiriki cha zama za Agano Jipya. Unashuka pwani ya Azania, pwani yetu, mpaka soko la mwisho, Rhapta. Mwandishi anasema jina hilo linatokana na mashua zilizoshonwa. Nilijua anasema nini kabla mwalimu hajaeleza. Ni mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja.

Asubuhi yake fundi alinipa buti lililofumuka, akaonyesha cherehani, raptomikhaní, akasema, "Rápse to." Lishone. Neno lilelile.

"Mástora," yaani fundi, nikamwambia, "neno hili lilifika kwetu zamani sana."

"Inda?"

Nikamweleza yote, Azania, Rhapta, kamba za nazi, bila kusimama kutafuta neno, kwa mara ya kwanza tangu nifike Ugiriki. Aliponyoosha mkono kuomba nta, ilikuwa imelainika kiganjani mwangu.