Pua ya panya buku na ubishi wa kahawa

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Magomeni hakikosi mada. Siasa ikichosha tunahamia Simba na Yanga, zikiisha hizo tunamrudia Mungu. Juzi tulimpitia panya buku.

Ndiyo, huyu huyu anayetutishia paka uchochoroni. Kule Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shirika la APOPO linamfundisha kunusa kifua kikuu kwenye makohozi ya wagonjwa, na mengine yanatoka kwenye vituo vya afya vya hapa hapa Dar. Sampuli huuliwa vijidudu kwanza kwa joto, kisha zinapangwa chini ya matundu. Panya anapita akinusa tundu moja moja. Akikuta harufu ya kemikali za bakteria, anaganda hapo na kukwangua. Zawadi yake ndizi iliyopondwa. Sampuli 100 anazimaliza kwa dakika 20 hivi, halafu watu wa maabara wanahakiki alizozitaja.

"Sasa mwalimu," mzee mmoja akanigeukia, maana nafundisha twisheni ya baiolojia, "pua kama hiyo itajitokea tu?"

Nikamwambia mzee wangu, pua nzima kila mtu anaishangaa. Mimi huwa naangalia iliyokufa. Binadamu tuna jeni kama 400 za vipokezi vya harufu (vile vinavyodaka harufu puani) zinazofanya kazi, na nyingine karibu idadi hiyo hiyo zimeharibika, ila tunarithishana vivyo hivyo. Panya wa kawaida anazo nzima zaidi ya 1,000, tembo wa Afrika karibu 2,000. Pomboo ndiye kichekesho: hana hata neva ya kunusia, lakini mabaki ya jeni hizo anayo. Ukikubali kwamba mababu zake walitembea nchi kavu, mabaki yanaeleweka. Ukisema alisanifiwa moja kwa moja kwa ajili ya bahari, nieleze ya nini.

"Mungu ana sababu zake."

Sawa, na mimi naswali. Ila jibu hilo linafaa kwa lolote litakalogunduliwa, ndiyo maana kwenye baiolojia halinisaidii. Na hakuna anayesema pua ilitokea tu: mabadiliko ya jeni ni ya kubahatisha, kubaki kwake siyo. Asiyenusa adui haachi watoto.

Mzee alitaka kujibu, kikohozi kikamkatiza. Kikohozi hicho tunakisikia tangu mwezi uliopita. Nikamwambia aende akapime, vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure. Akasema atakwenda Jumatatu, ila nimjibu kwanza: huyo panya wa kwanza kabisa, pua alipewa na nani?