Jua Usoni, Korongo Weusi: Asubuhi Moja Katika Mbuga ya Nairobi

Nilitoka Mombasa kwa ajili ya ndege, si simba, na dereva nilimweleza hivyo tangu jana yake. Akaitikia vizuri. Asubuhi ile ya Januari tukaingia Mbuga ya Taifa ya Nairobi mapema, tukafika bwawa la Hyena, naye akaegesha jua likiwa limetukabili machoni. Korongo taji wawili walisimama ukingoni, hatua kama 20 kutoka garini. Kwenye kioo cha kamera wakatokea weusi tii, kama waliokatwa kwa karatasi. Taji la dhahabu, shavu jeupe, vyote vimemezwa.

Kamera haikuwa na kosa. Hupima mwanga wa eneo zima, na maji yakimeremeta nyuma ya ndege hudhani mwanga umezidi, ikafifiza kila kitu. Nilibonyeza kitufe cha +/-, kile cha kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga wa picha, nikapandisha hadi +1.7. Manyoya yakaonekana, ila maji yakaungua yakabaki weupe mtupu. Wanaoanza wengi hufika hapo wakaamua kutafuta kamera ya bei kubwa zaidi, na mimi nasema wasubiri: kilichotakiwa ni kugeuza gari.

"Kaka, tuzunguke upande wa pili, jua liwe mgongoni."

"Mama, hao ndege hawaendi popote. Simba wameonekana kule chini, tukichelewa tutawakosa."

Mbugani hairuhusiwi kushuka ila kwenye vituo maalumu, kwa hiyo pembe ya kila picha iko mikononi mwa mwenye usukani. Nilikuwa nimelipia gari zima, shilingi 12,000, na lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 400, nimeikodi 3,500 kwa siku. Kwa fedha hizo kubembeleza mita 50 kuliniuma sana. Mwishowe nikampa kamera atazame mwenyewe. Alitazama, akaguna, akawasha gari.

Upande wa pili nilimwomba asimame pale kivuli cha gari kinapoelekea kwa ndege. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote: kivuli chako kikimwelekea ndege, mwanga unampiga usoni. Azime na injini, maana mtetemo wake huvuruga picha hata kwa shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga) ya kasi. Magari haya yana paa la kuinuliwa na kila abiria hulikimbilia, lakini ukipiga kutoka juu, nyasi zilizo karibu na ndege ndizo zinakuwa mandharinyuma, nazo hutokea kali na zenye fujo. Nilishusha kioo cha dirisha, nikaweka ukingoni mfuko wa kitambaa wenye kilo 2 za mchele, lenzi juu yake. Sasa nyuma ya korongo palikuwa ng'ambo ya bwawa, mbali, pamelainika kama rangi ya maji.

Tundu la lenzi f/5.6 (namba ikikua, tundu hupungua), shata 1/1000 ya sekunde, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nimeiachia kamera ijichagulie lakini isivuke 3200. Akiruka, shata ipande 1/2000. Kitufe cha +/- kikarudi sifuri. Alipotua yangeyange mbele ya matete yenye kiza nikashuka hadi -0.7, la sivyo weupe wake huungua na hakuna programu itakayourudisha. Alama ya fokasi, pale kamera inapolenga ukali wa picha, iliwekwa jichoni. Jicho lisipokuwa na cheche ya mwanga, picha yote hulala.

Korongo wawili wakipishana shingo hutoka mwili mmoja wenye vichwa viwili. Nilisubiri waachane, nikaacha nafasi kubwa mbele ya midomo yao kuliko nyuma ya mikia, na chini nikabakiza maji ya kutosha kwa taswira zao. Nguzo ya daraja la reli ilichomoza juu ya kichwa cha mmoja. Gari lilirudi nyuma mita 2, nguzo ikaondoka. Maghorofa ya mjini, kwa upande wake, ni pambo halisi la mbuga hii: ukiyataka yasomeke nyuma ya ndege, punguza tundu hadi f/11.

Yote yalikwisha kabla ya saa tatu. Karibu na ikweta jua hupanda wima, nyuzi karibu 15 kwa saa. Likishafika juu, jicho la ndege huingia kivulini na joto la ardhi hufanya picha za mbali zitetemeke. Tulikwenda kwa simba. Walikuwa wamelala.

Karura, siku ya pili, ni msitu wa jijini Nairobi wa kutembea kwa miguu na mwanga ni haba. Chini ya miti nilishuka hadi shata 1/250 nikapata picha tatu za maana.

Kwenye treni ya kurudi nilifikiria mlango wa Tudor, mkono wa bahari kwetu Mombasa. Yangeyange wapo tele pale kwenye tope, bure, na miaka yote nimekuwa nikiwapiga picha jioni nikitazama machweo, kisha nalalamika ni weusi. Jua la asubuhi hutoka baharini. Maji yakipwa alfajiri, nitasimama upande wa mashariki, mikoko mbele yangu, na mfuko wangu wa mchele.