Jinsi nilivyoondoa joto kwenye kabini ya boti

Kabini ya boti yangu ilikuwa hailaliki kwa joto. Kiyoyozi cha dirishani nilikikataa, maana kingeziba kidirisha cha juu, njia yetu ya kutokea kukiwa na dharura. Nikachagua kinachopozwa kwa maji ya bahari, cha BTU 5,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), kikaenea chini ya kitanda.

Kazi hasa ilikuwa maji. Pampu yake haiwezi kuvuta ikiwa na hewa, hivyo lazima ikae chini ya usawa wa maji. Mpira unatoka kwenye vali ya chini ya boti, unapita kwenye chujio, unaingia kwenye pampu, halafu unapanda moja kwa moja hadi kwenye mashine. Ukipanda na kushuka tena, hewa inanasa pale juu, maji yanakatika na kompresa inazimika. Niliupapasa mpira wote kwa vidole nikitafuta palipolegea.

Maji ya matone yanayodondoka kwenye kiyoyozi nimeyaelekeza mbali na injini, kwani bomba la matone hayo linaweza kuvuta monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu ya moshi wa injini, hadi mnapolala. Hili msilipuuze kabisa!

Sasa tunalala vizuri. Mkondo wa maji yaliyopita kwenye mashine, unaotoka ubavuni mwa boti, ukipungua, nafunga vali na kusafisha chujio.