Vijipicha vilivyosubiriwa tangu 2004: jinsi ombi la zamani la GTK lilivyofungwa

Mtu anayetumia Linux kwa kazi za picha hahitaji kuelezwa kidirisha cha kuchagua faili ni kitu gani, lakini kwa ajili ya wengine nitaeleza kwa ufupi. Programu inapokuuliza unataka kufungua faili ipi, au tovuti inapokutaka upakie picha, hutokea dirisha dogo lenye orodha ya folda na faili. Katika programu nyingi za Linux dirisha hilo halitengenezwi na programu yenyewe, bali hutoka kwenye GTK, maktaba ya vitufe, menyu, orodha na vipengele vingine vya skrini, ambayo GNOME, mradi wa eneokazi la Linux (yaani skrini, madirisha na programu zake za msingi), umejengwa juu yake. Kwa miaka mingi dirisha hilo lilionyesha majina ya faili tu, moja chini ya jingine, pamoja na ukubwa na tarehe. Halikuweza kuzipanga faili katika gridi ya vijipicha, yaani picha ndogo za faili, ili mtu achague picha kwa kuiangalia.

Ombi la kuongeza uwezo huo liliandikwa mwaka 2004 katika Bugzilla ya GNOME, mfumo wa kupokea taarifa za hitilafu na maombi, likapewa namba 141154. Lilitimizwa mwishoni mwa 2022, na watumiaji wa kawaida wakalipata Machi 2023, zilipotoka GTK 4.10 na GNOME 44. Nimekuwa nikilifuatilia suala hili kama mtu anayelihitaji kila siku ya kazi, na nataka kueleza kwa nini lilikaa miaka 18, kwa sababu maelezo yanayorudiwa sana, kwamba wasanidi, yaani waandishi wa programu, hawakujali, si ya haki, na wala hayamsaidii anayetaka kujua taarifa ya namna hiyo hufungwa vipi.

Uzito wake unaonekana zaidi kwa mtu ambaye picha zake hazina majina ya maana. Wateja wangu, kama ilivyo kwa mafundi wengi wa kadi na mabango hapa Tanzania, hutuma picha kwa WhatsApp, na simu huzihifadhi kwa majina ya muundo wa IMG-20180714-WA0023, ambayo hutaja tarehe na namba ya mfuatano na hayasemi kama ndani yake yumo bibi harusi, au mama yake, au ni risiti ya ukumbi iliyotumwa kwa bahati mbaya. Kamera nazo huandika herufi chache na tarakimu nne. Folda ikishajaa majina ya aina hiyo, orodha ya maandishi haina msaada wowote. Njia tuliyoizoea ilikuwa kufungua kidhibiti cha faili, yaani programu ya kutazama folda, pembeni, kuitafuta picha kwa macho, kukariri tarakimu za mwisho za jina lake, kisha kurudi kwenye kidirisha na kuisaka humo. Ni kweli kwamba GTK iliruhusu programu kuweka onyesho la picha pembeni mwa orodha, na GIMP, programu ya kuhariri picha, ilifanya hivyo, lakini onyesho lile lilihusu faili moja iliyokwisha kuchaguliwa. Ulilazimika kubofya faili moja baada ya nyingine hadi uikute unayoitaka, na mteja amesimama nyuma yako.

Sasa nirudi 2004, kwa sababu sehemu kubwa ya maelezo iko huko. Kidirisha chenyewe kilikuwa kipya. GTK 2.4, iliyotoka Machi mwaka huo, ndiyo iliyokileta mahali pa kile cha zamani, kilichotenga folda upande mmoja na faili upande wa pili. Orodha yake ya faili ilijengwa kwa GtkTreeView, kipengele kilichoingia na GTK 2.0 mwaka 2002, chenye nguvu nyingi katika kuonyesha majedwali na miti ya folda, lakini kilichofungwa kabisa kwenye wazo la safu wima na safu mlalo. Kipengele cha kuonyesha vitu kama gridi ya ikoni, kiitwacho GtkIconView, kilikuja na GTK 2.6 mwishoni mwa mwaka huohuo. Maana yake ni kwamba siku ombi lilipoandikwa, maktaba haikuwa bado na kitu cha kuchorea gridi hiyo. Na kilipopatikana kilikuwa na udhaifu wake, kwani hupima ukubwa wa kila kipengee kilichomo, hata vile visivyoonekana kwenye skrini, kazi ambayo katika folda yenye maelfu ya picha humfanya mtumiaji angoje.

Zaidi ya hayo, kijipicha si suala la kuchora tu. Kuna kiwango cha pamoja cha Freedesktop, mradi wa viwango vya maeneokazi ya Linux, kinachoelekeza vijipicha vihifadhiwe katika folda ya akiba ya mtumiaji, vya kawaida vikiwa na pikseli 128 na vikubwa pikseli 256, kila kimoja kikiwa na jina linalokokotolewa kutokana na anwani kamili ya faili husika. Kidirisha hakina budi kukitafuta kijipicha hicho na kukisoma bila dirisha lote kuganda, huku baadhi ya faili zikiwa kwenye diski ya nje isiyo na kasi au kwenye kompyuta nyingine ya mtandao. Kosa likiingia katika kipengele hiki, huingia siku hiyohiyo katika kila programu inayokitegemea. Ninayaeleza haya kwa kirefu kwa kuwa watu wengi, nikiwamo mimi kwa muda mrefu, hudhani kwamba kuonyesha picha ndogo ni kazi ya jioni moja.

Hata hivyo, kuna mtu aliyeifanya kwa namna yake. Kulikuwa na kiraka, yaani kipande cha msimbo cha kuibadilisha programu, kilichosambazwa miongoni mwa watumiaji wa Arch Linux, mojawapo ya aina za Linux, kilichoongeza mwonekano wa ikoni katika kidirisha cha GTK 3, na waliokitumia walikisifu. Kwa nini hakikuingizwa katika mradi? Swali hili liliulizwa tena na tena kwa hasira, na naona jibu lake ni la maana kuliko hasira yenyewe. Kiraka kinachomfaa mtu mmoja kwenye kompyuta yake, ambaye yuko tayari kuijenga upya maktaba kila toleo jipya linapotoka, hakijawa msimbo ambao mradi unaweza kuutunza kwa miaka kumi ijayo. Lazima kikaguliwe, kijaribiwe katika hali za wasioona na wanaotumia kibodi pekee, na apatikane mtu atakayekirekebisha aliyekiandika atakapokuwa ameondoka. GTK ni mradi mkubwa unaotunzwa na watu wachache, baadhi yao wakilipwa na kampuni kama Red Hat na wengine wakijitolea, na muda wao ndio rasilimali iliyokuwa adimu katika kisa hiki chote.

Hapo ndipo ninapowalaumu wasanidi kidogo, kwa heshima. Hawakuwa na wajibu wa kuifanya kazi hiyo mwaka wowote mahususi, lakini kimya cha muda mrefu chini ya taarifa kilikuwa na gharama. Msomaji aliyefika pale hakuona maelezo ya wazi ya kinachozuia, yaani kwamba orodha ya zamani ndiyo kikwazo na haitaguswa hadi ibadilishwe yote. Aya moja ya namna hiyo, ikiwekwa mahali panapoonekana, ingeokoa malumbano mengi na pengine ingemwelekeza mtu mwenye ujuzi kwenye kazi halisi iliyohitaji kufanywa. Na upande wetu, sisi watumiaji, tulikuwa na kosa letu: maoni mengi yaliyoongezwa chini ya taarifa za aina hii huwa ni «nami pia» au kejeli, na kila moja humtumia msanidi barua pepe isiyokuwa na habari mpya. Maoni yanayosaidia ni yale yanayoeleza hali ya kazi ambayo haikutajwa bado, toleo linalotumika, na kilichotokea kiraka kilipojaribiwa kwenye folda kubwa. Kizuri cha kisa hiki ni kwamba nayo yalikuwapo.

Mwaka 2018 GNOME ilihamisha miradi yake kutoka Bugzilla kwenda GitLab, mfumo mpya wa kutunza msimbo na taarifa zake, na taarifa yetu ikapata namba mpya, 233. Uhamisho wa aina hii, katika mradi wowote, ni wakati wa hatari kwa taarifa za zamani, kwa kuwa ni rahisi kuzifunga zote kwa pamoja na kuwaambia walioziandika wazifungue upya kama bado wanazihitaji. Hoja ya wanaofanya hivyo naielewa, maana orodha ya maelfu ya taarifa zisizosomwa haimsaidii mtu. Lakini taarifa iliyobebwa pamoja na historia yake humpa anayeanza kazi leo mjadala wote wa nyuma: yaliyojaribiwa, yaliyoshindikana, na watu wa kuwauliza.

Ufumbuzi wenyewe ulianzia mahali ambapo wengi hawakuwa wakipaangalia. Wasanidi walipokuwa wakiandaa GTK 4, iliyotoka Desemba 2020, waliandika upya mfumo mzima wa orodha. Badala ya GtkTreeView na GtkIconView vikaja vipengele vitatu vinavyosoma data kutoka chanzo cha aina moja: GtkListView kwa orodha, GtkColumnView kwa jedwali na GtkGridView kwa gridi. Vipengele hivi hutengeneza vijenzi vya vitu vinavyoonekana kwenye skrini na vichache vya jirani tu, kisha huvitumia tena mtumiaji anaposogeza chini, kwa hiyo folda yenye faili elfu kumi haiielemei kompyuta kupita kiasi. Hii ilikuwa kazi ya miaka, na haikulenga ombi namba 141154 peke yake. Kisha, katika matayarisho ya 4.10, kidirisha cha kuchagua faili kikahamishwa kutoka GtkTreeView kwenda katika mfumo huo mpya. Baada ya hatua hiyo, kuongeza gridi hakukuwa tena na ugumu wa zamani, kwa sababu data ni ileile na kinachobadilika ni kipengele cha kuionyesha. Katika toleo hilohilo vipengele vya zamani vikatangazwa kuwa vimepitwa na wakati. Sasa kuna kitufe kinachobadilisha orodha kuwa gridi, na picha za arusi naziona zote kwa pamoja.

Si kila taarifa ya zamani inahitaji msingi mpya. Firefox ilikuwa na hitilafu namba 148624, iliyoripotiwa mwaka 2002: kisanduku kidogo cha maelezo kinachotokea unapoweka kipanya juu ya kitu kilibaki kikielea juu ya madirisha ya programu nyingine hata baada ya kuiacha Firefox. Ilirekebishwa katika Firefox 119, Oktoba 2023. Pale hapakuwa na mfumo wa kujengwa upya; palihitajika mtu wa kukaa na kisa chenyewe na kukifuata hadi mwisho. Kwa mtu anayetaka kuanza kuchangia programu huria, ningemshauri ajifunze kwanza kutofautisha aina hizi mbili, kwa kuwa ile ya pili iko ndani ya uwezo wa mgeni mwenye subira, ilhali ile ya kwanza itamvunja moyo akiishika peke yake bila kuwauliza wenyeji wa mradi.

Kuna jambo moja ambalo sherehe za 2023 zililipita haraka. Gridi iliingia GTK 4 pekee. GTK 3 ilikuwa imekwisha kufungiwa mabadiliko makubwa, na GTK 4 haichukui nafasi yake moja kwa moja. Kila programu inapaswa kuhamishwa na wenyewe. GIMP, ambayo ndani yake ndimo GTK ilimozaliwa katika miaka ya tisini, ilitoa toleo lake la 3.0 Machi 2025 likiwa juu ya GTK 3. Kwa hiyo mhariri wa picha, mtu ambaye ombi hili lilimhusu kuliko wote, anapofungua faili ndani ya GIMP bado hukutana na orodha ya majina. Siwalaumu watu wa GIMP, kwani kuhama kutoka GTK 2 peke yake kuliwachukua miaka mingi kwa idadi ndogo ya wachangiaji, lakini ni vyema ijulikane kwamba taarifa ikifungwa upande wa maktaba haina maana kwamba imefungwa kwenye meza ya kila mtumiaji.

Kwa baadhi ya programu ipo njia ya katikati. Mfumo uitwao xdg-desktop-portal huiruhusu programu kuliomba eneokazi lifungue kidirisha kwa niaba yake, na katika GNOME kidirisha hicho hutoka kwenye GTK 4. Tangu GNOME 47, ya Septemba 2024, kazi hiyo hufanywa na kidhibiti cha faili chenyewe. Firefox, ambayo nayo iko juu ya GTK 3, inaweza kuutumia mfumo huu: fungua ukurasa wa about:config, tafuta widget.use-xdg-desktop-portal.file-picker, na uweke thamani 1. Ukipakia picha kwenye tovuti baada ya hapo, utaweza kuzitazama katika gridi. Wanaotumia KDE, eneokazi jingine la Linux, wakifanya hivyo watapata kidirisha cha KDE, ambacho kilikuwa na vijipicha zamani sana kabla ya sisi kuvipata.