Kati ya 446 na 666

Mwanzoni mwa 2017, ripoti ya utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ilipotufikia mkoani, kikao cha timu ya afya kilikwama kwenye namba moja. Vifo vitokanavyo na uzazi nchini Tanzania vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali utafiti wa 2010 ulikuwa umetoa 454. Rasimu ya taarifa yetu ilikwisha kusema kwamba vifo vimeongezeka. Mimi, niliyeshughulikia takwimu, niliomba sentensi hiyo isubiri.

Mratibu wa huduma za afya ya uzazi, mkunga aliyeanza kuzalisha kabla sijaingia shule, alinigeukia. "Mwanangu, hao waliokufa hawakukadiriwa. Wengine nimewafumba macho mimi mwenyewe. Sasa unataka tuseme nini?"

Swali lake lilikuwa la haki, nami nililijibu kwa kueleza namba hiyo inavyopatikana. Wanawake huulizwa juu ya dada zao wa mama mmoja: nani yu hai, nani amefariki, na kama alifariki akiwa mjamzito, akijifungua au katika miezi miwili iliyofuata. Vifo vya namna hiyo ni vichache hata ukihoji maelfu ya kaya, kwa hiyo kama zingechaguliwa kaya nyingine, namba nayo ingekuwa nyingine. Ndiyo maana 556 iliandikwa pamoja na mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani 446 hadi 666, na 454 ilikuwa na mipaka ya 353 hadi 556. Asilimia hizo 95 ni sifa ya njia yenyewe, kama mwanatakwimu Jerzy Neyman alivyoieleza katika miaka ya 1930: utafiti ukirudiwa mara nyingi kwa utaratibu uleule, takriban mara 95 katika kila 100 mipaka itakayopatikana itakuwa imeizingira namba ya kweli.

Daktari mmoja kijana alidakia kwamba mipaka ya tafiti hizo mbili inaingiliana, basi mjadala umekwisha. Sikukubali, maana mipaka inaweza kuingiliana kidogo na bado tofauti ikawa ya kweli. Kinachotakiwa ni mipaka ya tofauti yenyewe. Niliikokotoa ubaoni. Nusu ya upana wa mipaka ya 2010 ni karibu 102, na ya 2015-16 ni 110. Kila moja ikizidishwa kwa yenyewe, kisha zikijumlishwa, kipeuo cha pili cha jumla hiyo ni 150. Tofauti kati ya 556 na 454, ambayo nayo ni 102, ukiipunguzia 150 upande mmoja na kuiongezea 150 upande wa pili, huanzia kwenye kupungua kwa vifo 48 na kufika kwenye kuongezeka kwa 252.

"Kwa hiyo hatujui kama tumerudi nyuma," alisema mkunga.

"Kwa utafiti huu hatuwezi kujua, Mama. Lakini tazama mpaka wa chini. Lengo la milenia la 2015 lilikuwa 133, na hata 446 ni zaidi ya mara tatu ya lengo hilo."

"Basi andika hilo," akasema, "wala usilipunguze makali."

Sentensi ya ongezeko ilifutwa, hii ikaingia mahali pake, na kikao kikahamia kwenye upungufu wa damu salama katika vituo vya afya.