Nilivyopita mitihani ya leseni ya pikipiki Uingereza

Leseni ya pikipiki ya Tanzania, Kenya au Uganda haibadilishwi Uingereza. Unaruhusiwa kuitumia miezi 12 tangu uwe mkazi, basi. Baada ya hapo, hata kama umebeba abiria Kariakoo miaka kumi, unaanza moja: leseni ya muda kutoka DVLA (idara ya serikali inayotoa leseni), mafunzo ya lazima yanayoitwa CBT, mtihani wa nadharia, kisha vitendo vilivyogawanywa sehemu mbili, Moduli ya 1 na Moduli ya 2.

Kwa mtu aliyezoea pikipiki, kazi kubwa ni kuacha tabia mbili: kutegemea breki ya nyuma kwa kila kitu, na kuendesha bila kugeuza shingo. Karibu muda wangu wote wa mazoezi niliuweka hapo. Kuendesha upande wa kushoto wa barabara tayari tunakujua, na hiyo ni nafuu kubwa ukilinganisha na wenzetu waliotoka Kongo au Burundi.

Kwanza amua daraja. Ukiwa na miaka 17 unaweza kufanyia A1, kwa pikipiki ya cc 120 hadi 125 isiyozidi kilowati 11. Miaka 19 unafanyia A2, pikipiki yenye nguvu kati ya kilowati 20 na 35. Ukifika miaka 24 unaweza kwenda moja kwa moja kwenye A, isiyo na kikomo, ila pikipiki ya mtihani lazima iwe na cc 595 au zaidi na kilowati 50 au zaidi. Mimi nilikwenda kwenye A. Vijana wengi wanaosambaza chakula hubaki na CBT na kuirudia kila baada ya miaka miwili. Ni halali, lakini huruhusiwi kubeba abiria wala kuingia barabara kuu za mwendokasi, na kibao cha L, cha mwanafunzi, hakitoki. Kwa maoni yangu ni kulipa kila mara kwa kitu kisichokupeleka popote.

CBT si mtihani. Ni mafunzo ambayo mara nyingi humalizika kwa siku moja: uwanjani kwanza, kisha barabarani kwa muda usiopungua saa mbili. Mwalimu haandiki cheti mpaka aridhike. Nenda na buti linalofunika kifundo cha mguu, suruali nzito ya jinzi, jaketi na glovu. Viatu vya wazi vitakurudisha nyumbani.

Nadharia inafanywa kwenye kompyuta, kwa Kiingereza au Kiwelisi, bila mkalimani. Maswali ni 50 kwa dakika 57, na unatakiwa upate 43. Nilisoma kanuni rasmi za barabarani mara kwa mara, nikiandika pembeni takwimu zinazochanganya. Kwa mfano kina cha kashata za tairi: cha gari ni milimita 1.6, cha pikipiki inayozidi cc 50 ni milimita 1. Umbali wa kusimama ukiwa maili 30 kwa saa ni mita 23, ukiwa maili 70 ni mita 96. Pengo kati yako na gari la mbele ni sekunde mbili, mvua ikinyesha ni nne.

Sehemu ya pili ya nadharia, ya kutambua hatari, ndiyo inayowaangusha madereva wazoefu. Unaonyeshwa video 14 na unabofya kipanya kila hatari inapoanza; video moja ina hatari mbili, na kila hatari ina alama hadi 5; jumla ni 75 na unahitaji 44. Mzoefu huona hatari mapema mno, anabofya kabla muda wa kuhesabiwa alama haujaanza, anapata sifuri. Gari lililoegeshwa bado halihesabiki. Linahesabika indiketa inapowaka au gurudumu linapoanza kukata. Nilichofanya ni kubofya ninapoona dalili, halafu kubofya tena jambo linapoanza kubadilika. Ukibofya mfululizo au kwa mpangilio, kompyuta inakufutia alama za video hiyo.

Sasa Moduli ya 1. Inafanyika kwenye uwanja wa lami uliopangwa koni, inachukua kama dakika 20, na unaruhusiwa makosa madogo yasiyozidi matano. Kosa moja kubwa linatosha kukurudisha, na hapo unasubiri angalau siku tatu za kazi kabla ya kurudia.

Unaanza kwa kusukuma pikipiki, injini imezimwa, kutoka kwenye kisanduku kimoja cha koni hadi kingine. Ina uzito wa kilo 200 hivi, kwa hiyo simama kushoto kwake, iegemeze kidogo kwenye nyonga, vidole vya mkono wa kulia vikae juu ya breki ya mbele. Angalia nyuma kabla ya kusukuma, kwa sababu mtahini anaandika hata hilo.

Kisha unapita kati ya koni kwa kuzungukazunguka, unachora namba nane, unakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na unageuza ndani ya mistari iliyoachana mita 7.5. Yote haya yana siri moja. Klachi ishike nusu, mafuta yakae palepale bila kupanda na kushuka, na mwendo uutawale kwa breki ya nyuma, ukiikanyaga kidogo muda wote. Breki ya mbele isiguswe kabisa hendeli ikiwa imekatwa: shokamzoba za mbele zinazama, uzito unaegemea upande uliokata, na pikipiki inalala. Macho nayo yana kazi. Ukitazama koni unaigonga. Ukitazama mstari wa mbali pikipiki inakupeleka huko. Kwenye kugeuza, kidevu kiwe juu ya bega la kulia kabla gurudumu halijafika katikati. Mguu ukigusa chini au tairi likivuka mstari, unaandikiwa kosa. Na kabla hujaanza kugeuza, tazama nyuma begani hata kama uwanja ni mtupu na unajua hakuna kitu. Watu wanageuza vizuri kabisa na wanafeli kwa kutotazama.

Vipimo viwili vya mwisho ni vya mwendo: kusimama kwa dharura na kukwepa kizuizi. Unazunguka kona, unaongeza kasi, unapita kwenye kifaa kinachopima, na unatakiwa uwe na angalau kilomita 50 kwa saa. Saa ya pikipiki inaandika maili, na 50 ni kama maili 31; lakini saa nyingi hutia chumvi, hivyo nililenga 34 au 35 kwa gia ya pili. Kosa la kawaida ni kuachia mafuta hatua chache kabla ya kipimo kwa hofu ya koni zilizoko mbele. Kasi ikipungua hupewa nafasi moja ya kurudia.

Kwenye kusimama kwa dharura, mtahini akiinua mkono, breki ya mbele inaanza, ya nyuma inafuata papo hapo, klachi mwishoni kabisa. Breki ya mbele ikamuliwe, isinyakuliwe: uzito unahitaji muda mfupi kuhamia mbele ndipo tairi lishike lami. Uzito ukishahamia, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, na ukilikanyagia kwa nguvu ulizozoea litafunga na kuanza kuteleza. Lami ikiwa kavu walimu husema robo tatu ya nguvu iende mbele na robo nyuma. Ikiwa na maji, nusu kwa nusu. Ukivuta klachi mapema unatupa msaada wa injini.

Kukwepa kizuizi kunafanana, ila hapa hushiki breki mpaka umeshapita koni na pikipiki imesimama wima. Achia mafuta, sukuma hendeli ya upande unaotaka kwenda, kisha sukuma ya pili ujinyooshe, ndipo ufunge breki taratibu na kusimama kati ya koni za buluu. Anayeshika breki akiwa ameinama huangusha koni, au huanguka yeye.

Moduli ya 2 ni barabarani, dakika kama 40. Inaanza kwa kusoma namba ya gari umbali wa mita 20, maswali ya ukaguzi wa pikipiki (mafuta ya injini, mnyororo, taa ya breki) na moja kuhusu kubeba abiria. Mtahini anakufuata nyuma akikuelekeza kwa redio ya sikioni, na kwa dakika 10 hivi unafuata vibao mwenyewe. Makosa madogo yasizidi kumi. Indiketa za pikipiki nyingi hazijizimi. Nilijizoeza kubonyeza kitufe cha kuzima kila ninapotoka kwenye kona, iwe imewaka au la. Kwenye kipilefti, tazama bega la kushoto kabla ya kutoka. Mwendo wa kujikokota nao ni kosa: barabara ya maili 40 ikiwa wazi, nenda karibu na 40. Ukifeli hii, unasubiri siku kumi za kazi.

Kuhusu gia, kama umezoea pikipiki ambayo gia zote huingia upande mmoja, hapa ya kwanza iko chini na zilizobaki juu, huku nyutro ikiwa kati ya ya kwanza na ya pili. Chukua masomo ya mwanzo kwa ajili ya hilo tu.

Siku zote mbili za vitendo beba leseni ya muda, cheti cha CBT na cha nadharia. Siku ya pili ongeza cheti cha Moduli ya 1. Nadharia inadumu miaka miwili, kwa hiyo vitendo vyote viishe ndani ya muda huo. Ukipita unabandua L pale pale na unaruhusiwa kuendesha bila kusubiri kadi mpya, ila wapigie simu kampuni ya bima kabla hujawasha injini, maana bima yako bado inakutambua kama mwanafunzi.