Ngozi ya Juu ya Bawa la Mkia

Jumapili usiku, Des Moines

Leo nimeibandua ngozi yote ya juu ya bawa la mkia wa ndege ninayoijenga, upande wa kulia. Kazi ya jioni nne imetoka kwa saa mbili, vipande vipande, kwa kipuliza joto na kisu cha kupakia lipu. Vidole vinaniwasha kwa vumbi la glasi. Nimeoga mara mbili na bado. Nataka niyaandike haya kabla sijalala, maana najijua: kesho nitaanza kujiambia kwamba pale mahali ngozi haikushika hapakuwa pabaya kiasi kile.

Ndege yenyewe ni KR-2S, ya viti viwili, naijenga kwenye gereji ya nyumba yetu kwa kufuata michoro. Ukoo wake ulianzia California, Ken Rand na Stuart Robinson walipobuni KR-1 ya kiti kimoja, ikaruka 1972. KR-2 ya watu wawili ikafuata 1974. Wazo lao nililipenda siku ya kwanza nilipolisoma. Mifupa ni mbao za sprusi. Katikati ya mifupa unajaza povu gumu, unalipiga msasa mpaka likae umbo la bawa, kisha unalivika kitambaa cha glasi kilicholoweshwa epoksi, gundi ya kuchanganya inayoganda ikawa ngumu. Hiyo ndiyo ngozi. Mbele inakaa injini ya Volkswagen inayopozwa kwa hewa. Hakuna mashine kubwa inayohitajika, hakuna kuchomelea mabati. Mtu mwenye meza ndefu iliyonyooka na subira anaweza.

Sheria ya Marekani inaruhusu, ilimradi zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na mjenzi mwenyewe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Kabla haijaruka atakuja mkaguzi, naye atataka kuona picha na daftari la kazi. Kwa hiyo kila saa ninayoshinda gerejini ninaiandika, na hizi mbili za leo nimeziandika pia: "Kubandua ngozi ya juu, kulia. Saa 2."

Nieleze mkia, maana nikizungumza na ndugu zangu kwa simu hapa ndipo tunapopotezana. Kile kinachosimama wima nakiita pezi, kama la papa, na nyuma yake kuna usukani, kazi yake ileile ya usukani wa mashua. Kinacholala kulia na kushoto ni bawa la mkia. Nyuma ya bawa la mkia, kwenye bawaba, kinaning'inia kipande kinachopanda na kushuka ukivuta au kusukuma fimbo ya kuongozea ndege. Hicho ni eleveta, na ndicho kinachoinua pua ya ndege au kuishusha.

Sasa, KR-2 ina sifa moja ambayo wanaoirusha hawaachi kuitaja: pua yake ni nyepesi mno kutii. Unagusa fimbo kwa vidole viwili na tayari imeshainuka. Ni ndege fupi, na bawa lake la mkia ni dogo. KR-2S ilirefushwa, na hiyo ikasaidia, lakini wajenzi wengi huongeza pia ukubwa wa bawa la mkia ili ndege itulie zaidi. Nami nimefanya hivyo. Nilikaa miezi kadhaa nikisoma na kupiga hesabu kabla sijakata boriti ya kwanza, kwa sababu ninachokitaka kwenye ndege hii kuliko mwendo na kuliko sura ni utulivu. Nataka siku moja nimpakie binti yangu nisiwe napigana na fimbo.

Ila mkia mkubwa unakuja na uzito, na uzito wa mkiani haufanani na uzito wa mahali pengine. Kwenye ndege yangu, kutoka kitovu cha uzito hadi mkiani ni zaidi ya mara mbili ya umbali wa kutoka hapo hadi kwenye injini. Ni mzani wa sokoni wenye mkono mmoja mrefu. Kila kilo ninayoiongeza nyuma inadai zaidi ya kilo mbili mbele ili ndege isikalie mkia. Ndege iliyokalia mkia haikusamehi. Pua inapanda, unasukuma fimbo, haitaki kushuka.

Na eleveta ina hesabu yake peke yake. Lazima isawazishwe kwa madini ya risasi yanayowekwa mbele ya bawaba, ili isiwe nzito upande wa nyuma. Isiposawazishwa, kuna mwendo fulani ambapo hewa huanza kuipapatisha, na ikishaanza kupapatika mkia unaweza kung'oka ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo epoksi ninayoimwaga ovyo nyuma ya bawaba nailipa mara mbili, kwa epoksi yenyewe na kwa risasi ya kuisawazisha.

Hii ndiyo sababu leo sikutia kiraka.

Kosa lilikuwa hivi. Jioni ile ya kuvika ngozi gereji ilikuwa baridi, nje kuna theluji, ndani nyuzi joto 15 hivi. Epoksi inapenda joto. Kwenye baridi inakuwa nzito kama asali ya zamani na haizami kitambaani. Nikaipasha chupa kwenye maji ya moto, nikapima kwa mizani, nikachanganya, nikalaza kitambaa kwa mshazari kama inavyotakiwa, nikakifuata taratibu kwa kipangusio cha plastiki mpaka nyuzi zikaonekana wazi na meupe yote yakaisha. Kazi nzuri kabisa kwa macho. Nikapiga picha. Halafu, kwa kuogopa isigande vizuri usiku, nikawasha hita mpaka mwisho nikaenda kulala.

Povu gumu lina vijumba vidogo vya hewa, na ukishalipiga msasa vile vya juu vinabaki wazi. Hewa ikipata joto inatanuka. Nililivika likiwa baridi kisha nikalipasha, ikawa povu linapumua nje, linasukuma kitambaa ambacho epoksi yake bado ni mbichi. Ingalitakiwa kinyume chake: unapasha chumba kwanza, unavika kukiwa na joto, kisha unaacha joto lishuke polepole, na povu linavuta epoksi ndani. Nililijua hili. Limo kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, tangu mwaka juzi.

Baada ya siku nne nilichukua robo dola nikaanza kugonga. Ndivyo inavyokaguliwa ngozi ya faiba, kwa sarafu na masikio. Penye kushika vizuri sauti ni kavu na kali, tik, tik, tik. Nilipofika karibu na shina la bawa, juu kidogo ya boriti ya nyuma, ikageuka. Tok. Nikarudi nyuma, tik. Nikasogea mbele, tok, tok. Nikazungushia kalamu ya risasi kila mahali sauti ilipobadilika, na nilipomaliza nilikuwa nimechora duara kubwa kuliko kiganja changu. Kwa jicho hapaonekani kitu. Ukipaka rangi hata mkaguzi hawezi kupaona.

Nilimrekodia mjomba.

Mjomba yuko Tanga. Amekuwa fundi wa boti za faiba pale Deep Sea tangu sijaanza shule, na likizo zangu zote za sekondari nilizimaliza kwenye banda lake nikikata matting, ule mkeka wa nyuzi za glasi, kwa mkasi na kupaka rezini ya kuugandisha kwa brashi. Harufu ile hainitoki. Rezini yao ni poliesta, tofauti na epoksi: unatia katalisti, dawa ya kuigandisha, kwa kizibo, masika ukiona haikauki unaongeza kidogo, inaenda. Epoksi haitaki hivyo. Kipimo ni kimoja, na ukizidisha kigumishi, ile sehemu ya pili unayoichanganya nayo, haikauki upesi, inabaki laini milele. Ilinichukua muda kuuondoa mkono wangu kwenye mazoea ya Tanga, lakini sikio nililipata kwake. Yeye ndiye aliyenifundisha kugonga.

Nilimtumia sauti usiku, kwetu saa tatu, kwao saa kumi na mbili asubuhi. "Shikamoo mjomba. Nisikilizie hapa." Nikagonga kutoka ncha ya bawa hadi shinani, polepole, bila kumwambia duara liko wapi.

Jibu lilikuja nikiwa napiga mswaki. "Marahaba mjomba. Mwanzo pazuri. Huku mwishoni umefuga hewa." Halafu sauti ya pili: "Hiyo ni ya baharini au ya juu?"

Nikamwambia ya juu.

"Basi unaniuliza nini?"

Ningeweza kutoboa vitundu na kuingiza epoksi kwa sindano. Watu wanafanya, na kwa kiputo kidogo mahali pasipobeba mzigo ni sawa. Ningeweza kukata duara lile, nisage kingo kwa mteremko na kulaza kiraka. Nilipiga hesabu ya kiraka: kitambaa cha kupandiana pande zote, epoksi yake, unga wa kujazia ili uso usawazike. Gramu zinapanda, tena pale shinani ambapo ngozi ndiyo inabeba nguvu nyingi zaidi. Na upande mmoja ungekuwa mzito kuliko mwenzake. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki gerejini muda mrefu nikilitazama lile duara la kalamu. Kilichoniamua ni kwamba kila nilipomwona binti yangu kichwani mwangu ameketi kiti cha kulia, nilikuwa nageuka nyuma kuangalia mkia.

Jumatano

Povu liling'oka pamoja na ngozi sehemu tatu, kama nilivyotarajia. Nimechonga vipande vya kuziba, nimevigundisha, nimepiga msasa kwa ubao mrefu. Hii ni kazi ninayoipenda kuliko zote kwenye ndege hii. Povu la urethani ni laini, linaliwa na msasa kama chaki, na unalisikia umbo kwa kiganja kabla ya jicho. Ninafumba macho na kupitisha mkono kutoka mbele kwenda nyuma. Penye bonde la nusu milimita mkono unajua.

Binti alikuja baada ya masomo, akavaa barakoa yake, akashika upande wa pili wa ubao. Akaniuliza kwa nini hatukati hili povu kwa waya wa moto kama yule mzee tuliyemwona kwenye maonyesho ya ndege ya Oshkosh mwezi Julai. Swali zuri. Yule alikuwa anakata polistaireni, na waya wa moto unaipitia kama kisu kwenye samli. Urethani ukiichoma hivyo inatoa gesi ya sumu, kwa hiyo hii ni ya msasa tu. Akaliandika kwenye daftari lake mwenyewe. Analo daftari lake, sikumwambia aanzishe.

Jumamosi usiku

Tumevika.

Hita iliwaka tangu alfajiri. Nimetundika mablanketi mazito kuzunguka meza kama chandarua ili joto lisipotee, na kufika saa nane mchana povu lenyewe, nimelipima kwa kipimajoto kilichochomekwa pembeni, lilikuwa nyuzi 27. Binti alikuwa kwenye mizani. Anasoma namba kwa sauti, mimi namwaga, akisema "basi" naacha. Vikombe vidogo vidogo, maana epoksi nyingi kwenye kikombe kirefu inajipasha yenyewe mpaka inatoa moshi.

Kwanza uji: epoksi iliyochanganywa na ule unga mweupe wa vitufe vya glasi vyenye uwazi ndani, mwepesi kiasi kwamba ukipiga chafya umepotea wote. Unaupaka juu ya povu uzibe vijumba. Mara ya kwanza niliukwangua mno nikiwinda wepesi, na nadhani hilo nalo lilichangia. Safari hii nimeuacha uzibe kweli. Kisha kitambaa cha kwanza, nyuzi kwa mshazari. Kisha cha pili. Kuna dakika moja ninayoingoja kila mara: kitambaa kikavu ni cheupe kama sanda, epoksi inapanda kutoka chini, na weupe unaondoka taratibu mpaka unaona povu na mstari wa kalamu uliouchora chini yake, kama kitu kilicho chini ya maji safi. Binti aliinama mpaka nywele zikataka kugusa. Hatukuongea.

Epoksi ya ziada tuliisukuma nje kwa kipangusio, ukingo hadi ukingo. Kitambaa kizuri haking'ai. Kikimetameta umebeba epoksi usiyoihitaji. Mwisho tukalaza kitambaa cha kubandua juu yake, kitakachoacha uso mkwaruzo tayari kwa kazi inayofuata.

Saa kumi na moja jioni nikazima hita. Nimekuwa nikienda kuangalia kipimajoto kila baada ya nusu saa: 26, 24, 22, 21. Nitaiwasha tena kidogo alfajiri, ikishashika.

Jumatano

Kitambaa cha kubandua kimetoka kwa mvuto mmoja, na mlio wake ule wa kuchana khanga mpya. Nimegonga bawa zima, juu, kutoka ncha hadi shina, mistari kila sentimita mbili. Nimerudia. Nimempa binti robo dola naye akagonga, mimi nimegeukia ukuta ili nisione yuko wapi. Tik mpaka mwisho.

Nimepima. Ngozi ya kwanza iliongeza gramu 640. Hii imeongeza 545.

Rekodi nimemtumia mjomba. Kwao ni usiku wa manane, atasikiliza akiamka. Kesho nafungua boksi la bawaba.